Meno Manne ya Maalim Talib na Mkono wa Bi Mardhiya

Ndugu msomaji, kabla hujafika mstari wa pili nakuomba sana: kila neno lililomo humu liwe siri mpaka Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025, saa nne asubuhi. Usilisome kwa sauti ukumbini wala kwenye foleni ya chai. Usiiache karatasi hii juu ya meza ya chumba namba tatu, cha Bi Mardhiya, wala usiitumie kufungia sambusa, maana hapa kwetu karatasi hufika mbali. Bi Mardhiya ametuambia wazi kwamba akisikia anaandikiwa sifa hatumuoni siku hiyo ya kumuaga. Na hatanii. Mwaka 2014, alipotakiwa kupokea cheti cha mfanyakazi bora, alitoroka kwa mlango wa jikoni, na cheti kikapokewa na dereva.

Bi Mardhiya Msellem Hamdan, tabibu wa meno, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na sita kamili ya utumishi. Tarehe hizo nimezihakiki mara tatu kwenye faili lake. Alizaliwa Wete, akasoma Wete, na ni Wete alikoanza kazi tarehe 1 Julai 1989, akiwa na umri wa miaka ishirini na nne, katika chumba chenye kiti kimoja cha chuma, jiko la kuchemshia vifaa na ndoo. Ndoo ilikuwa ya meno. Siku hizo mtu akija na jino, jino linatoka, na mgonjwa anakwenda zake akisukutua maji ya chumvi.

Aling'oa kwa miaka kumi na mitatu, na mkono wake ulisifika kwa wepesi. Watu waliteremka kutoka Msuka na Konde wakimuulizia yeye tu. Katika miaka hiyo alimng'oa hata mama yake mzazi, meno manane kwa mwaka mmoja, yote mazima, yasiyo na tundu hata moja. Yalikuwa yanacheza, basi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba lipo jambo jingine la kufanya.

Mwaka 2002 alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi sita juu ya magonjwa ya fizi. Wenzake wanasema aliporudi alikaa siku mbili bila kuzungumza. Siku ya tatu aliitoa ile ndoo nje, akapanda ndani yake mche wa mrehani. Mrehani huo, mnaouona mlangoni hapa kazini kwetu Chake Chake, ni mjukuu wa ule wa kwanza, na ndoo ni ileile, aliyohamia nayo kutoka Wete.

Tangu hapo kazi yake ikawa fizi. Anacho kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anachokishusha taratibu baina ya jino na fizi, sehemu sita kwa kila jino, huku akisoma namba kwa sauti na karani akiandika. Mbili na tatu ni salama. Nne ni onyo. Kuanzia tano, fizi imeachana na jino, na katika mfuko huo umejificha ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Na hapa kisiwani hata ukiuma kidogo, mtu hubana karafuu mbili kwenye fizi, ganzi inaingia, anasema kapona.

Wengi wetu tunamjua kwa vituko vyake. Kwenye harusi huwezi kucheka mbele yake bila kukaguliwa. Yupo muuza samaki mmoja sokoni anayefumba mdomo akimuona kwa mbali, akampimia pweza kwa ishara za mikono. Wakati wa Ramadhani, watu wanapoacha kupiga mswaki kutwa kwa kuogopa damu isiwafunguze, huwagawia wagonjwa kikaratasi chenye mistari miwili: baada ya futari, baada ya daku. Ukimwambia umesahau, anakuuliza kama futari pia uliisahau.

Lakini nikiulizwa kwa nini nimekubali kuandika nami ni karani mdogo mwenye hofu ya kukosea, nitaeleza habari ya Maalim Talib Pandu wa Msuka. Yeye mwenyewe ameniruhusu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, wiki yangu ya pili kazini. Watu wetu wakifika dirishani hawasemi wanaumwa nini. Wanasema, "Nimekuja kung'oa." Maalim Talib, anayesomesha watoto mia na ishirini Qur'ani chuoni na kusalisha tarawehe kila mwaka, alisema hivyohivyo akionyesha meno manne ya mbele ya juu. Nami, kwenye nafasi ya sababu ya kuja, niliandika: kung'oa manne, mbele, juu. Daktari Fahmi, naye mgeni mwezi huo, alisoma kadi, akamketisha kitini, akavuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

Bi Mardhiya alipita mlangoni na kioo chake cha mkono, akasimama.

"Maalim, ganzi imeshaingia?"

"Bado. Anataka kuitia."

"Basi nisomee kabla mdomo haujafa. Nipe thaa."

Maalim akacheka kwa pua. "Leo weye ndiye mwalimu, Bi Mardhiya?"

"Nipe tu."

Akaitoa herufi hiyo, laini kama pumzi.

"Ulimi umeugusisha wapi?"

Kila aliyesoma chuoni analijua jibu. Thaa, dhali na dhaa za Kiarabu hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Yalikuwa miongoni mwa yale manne.

"Yanacheza," akasema Maalim. "Nikisomesha natema damu. Juzi mtoto mmoja kaniona akalia. Ramadhani imebaki wiki nane. Siwezi kusalisha na mdomo huu, wallahi."

"Na wa mapengo utaweza? Watoto mia na ishirini waige pengo lako?"

"Nitatia ya bandia."

"Tung'oe, tusubiri fizi zifunge, tutie, ulimi uyazoee. Ramadhani itakuwa imekwisha na Shawwal nayo." Akampa kioo. "Tazama hapa. Unaona tundu?"

"Sioni."

"Basi meno hayana kosa. Nguzo nzima, udongo ndio umelika. Nipe wiki nane hizo. Ikishindikana, nitayang'oa mwenyewe, na mbele ya watoto nitasema mie ndiye niliyekosea."

Maalim akasema, "Haya, bibi. Lakini ukinikosesha tarawehe, dua yangu utaisikia."

"Nitie kwenye dua hiyohiyo," akajibu, akamgeukia Daktari Fahmi: "Sindano usiitupe, baba. Ganzi tutaitaka kwa kusafishia."

Ndipo aliponitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na kadi mkononi. Hakunipigia kelele. Aliniambia, "Mwanangu, mtu akija akakwambia nimekuja kukata mkono, utaandika kukata mkono? Andika anachohisi. La kufanya tutalitafuta sisi." Akanipa kalamu yake, nikaandika upya: damu, meno yanacheza, harufu, miezi minane. Kisha akasoma namba. Saba. Nane. Saba. Tisa. Sikuwahi kuogopa namba kama siku ile.

Kazi ilifanyika kwa siku mbili, nusu ya mdomo kwa siku. Alikwangua ugaga chini kabisa ya fizi, kwa mkono, bila haraka, akisikiliza chuma kinavyoparuza mpaka mzizi uwe laini. Aliona pia kwamba Maalim anakunywa maji kupita kawaida, akampeleka kupimwa damu siku hiyohiyo. Kisukari kilikuwa juu, naye hakuwa na habari. Bi Mardhiya alituambia kwamba fizi na sukari huharibiana, ukitibu moja ukaliacha jingine umefanya kazi bure. Basi Maalim akaanza dawa, na akafundishwa mswaki laini na kijiburashi cha kupitisha baina ya meno.

Ili meno yatulie, Daktari Fahmi aliyaunganisha kwa waya mwembamba upande wa ndani. Hapo nilishuhudia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Kabla ya kuwasha taa ya kukaushia gundi, Bi Mardhiya alimzuia daktari mkono. "Maalim, thaa." Akasoma. "Dhali." Akasoma. "Dhaa." Ulimi ukagusa waya. Bi Mardhiya akausogeza waya juu kidogo, upana wa punje ya mchele, akamsomesha tena, na tena. Ziliposikika zote tatu safi, ndipo akasema, "Washa."

Siku ya kumi damu ilikata. Mwisho wa Machi alirudi kupimwa. Fizi zilizokuwa na rangi ya maini zilikuwa za waridi, zimekaza. Kijiti kiliposhuka, Bi Mardhiya alisoma: tatu, nne, tatu, nne. Jino moja lilibaki tano, na meno yalionekana marefu kidogo, kama alivyomtahadharisha tangu mwanzo. Niliandika zote. Hakuna aliyeishona nyama ile. Ilirudi yenyewe ikaliambata jino, pale kilipoondolewa kilichokuwa kikiiudhi. Nilimtazama Bi Mardhiya nikidhani atasema neno kubwa. Alisema, "Mie nimefagia tu. Aliyeponya yuko juu," akaenda kunawa.

Ramadhani hiyo Maalim Talib alisalisha kila usiku. Binti yake, Raniya, aliniambia kwamba usiku wa kwanza baba yake alishika kitambaa cheupe mkononi kwa tahadhari. Walipomaliza aliwaonyesha watu wa nyumbani: kilikuwa cheupe vilevile.

Tangu hapo hakosi kila baada ya miezi mitatu. Wako wengine kama yeye. Nimezihesabu kadi za wagonjwa wa fizi ambao bado wanarudi kwa Bi Mardhiya: mia tatu na kumi na nane. Siku ya kurudi ya kila mmoja aliiandika mwenyewe kwa wino wa kijani, kwa sababu, anasema, ugonjwa huu haurudi kwa anayerudi.

Na sasa siri yenyewe. Jumamosi, shughuli itafunguliwa kwa Qur'ani, na msomaji ni Maalim Talib. Atafika kwa gari ya asubuhi kutoka Msuka na kusubiri chumba cha famasia mpaka aitwe. Meno yote manne anayo. Nawaombeni mnyamaze kabisa atakapoanza, na kila inapofika thaa au dhali, msiangalie kwake. Mtazameni Bi Mardhiya.

Bi Mardhiya, ikiwa umeipata karatasi hii kabla ya siku yake, nisamehe. Tunakushukuru kwa kila mdomo uliouacha mzima. Mungu akupe umri mrefu wenye afya, mapumziko ya kweli huko Wete, na wageni watakaocheka mbele yako bila kufumba midomo.

Mwenye la kusahihisha anitafute dirisha la pili, pa kupokelea kadi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Simu ya chumba namba tatu usiipige, huipokea Bi Mardhiya mwenyewe. Ukimkuta amesimama karibu nami, sema tu umekuja kuuliza siku yako ya kurudi, nitaelewa. Na kama kweli unayo, iulize. Kadi zote mia tatu na kumi na nane amenikabidhi mimi, Daktari Fahmi atawapokea wagonjwa, na agizo aliloniachia ni moja: asipotee mtu. Hata baada ya tarehe 30, dirisha ni hilohilo. Gonga kioo mara moja, nitafungua.