Siku Saba za Usingizi wa Bibi Agnella

Wasikilizaji wapendwa wa Bonde la Kilombero, simameni mlipo. Wekeni majembe chini. Zimeni pikipiki. Taifa limempoteza jemadari.

Basi, kaeni. Si taifa. Ni nyumba moja ya Lipangalala, hapa Ifakara. Aliyefariki ni Bibi Agnella, mkulima wa mpunga, mwenye miaka sitini na minane. Nawasimulia mimi Oliva, mjukuu wake, wa kipindi cha vijana. Tumekesha msibani siku tatu. Nikipiga miayo, mnisamehe.

Narudia: ni Bibi Agnella. Yule mkali.

Bibi alikuwa na ekari mbili za mpunga, chini ya barabara ya Mkula. Mpunga ukianza kutoa mashuke, alihamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti. Mchana aliamia ndege. Usiku aligonga debe kufukuza nguruwe pori. Miezi miwili kila mwaka, bila usingizi wa maana. Misimu ishirini. Wenzake walilinda kwa zamu na ndugu zao. Yeye hakumwamini mtu. Alisema kulala ni kazi ya wasio na shamba.

Alirudi nyumbani na magunia, na ulimi pia. Ukimwamkia shikamoo, alikuuliza umeharibu nini. Baba yangu Viktor, mwanawe wa pekee, anasema: "Mama alikuwa na mioyo miwili. Wa kiangazi tuliupenda. Wa dunguni tuliukimbia."

Miaka mitatu iliyopita alifariki Mzee Sylvester wa Mkula, mume wa Bibi Justa. Bibi Justa ni dada mkubwa wa Bibi Agnella. Bibi alishuka dunguni akaenda msibani moja kwa moja, macho mekundu kama pilipili. Alikuta wali umeungua na wanawake wananung'unika. Akamgeukia dada yake mbele ya watu.

"Wewe na usingizi wako. Hata mumeo amekata roho umelala."

Wasikilizaji, hata wapishi waliacha miiko sufuriani.

Ukweli ni huu. Bibi Justa alimwuguza mumewe miezi minne, na usiku ule mmoja tu ndio usingizi ulimshinda. Tangu siku hiyo hakusema tena na mdogo wake. Misimu mitatu. Wakikutana sokoni, mmoja aligeukia dagaa, mwingine nyanya.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Bibi alianguka shambani. Zahanati wakakuta presha iko juu sana. Nesi akamwambia vidonge atapewa, lakini bila kulala havitamsaidia. Bibi akauliza nguruwe nao wameandikiwa nini.

Hapo mjukuu wake huyuhuyu, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, akaapa kulinda shamba siku saba.

Bibi akalala. Siku ya kwanza Baba aliingia chumbani mara nne kusikiliza kama anapumua. Siku ya tatu Bibi aliuliza paka wetu anaitwa nani. Paka ana miaka sita. Siku ya tano alimwomba mama yangu radhi kwa jambo ambalo mama mwenyewe alikuwa keshalisahau. Siku ya saba alikaa mkekani na chai yake, akauliza polepole:

"Viktor, hivi nilimwambia nini dada yangu?"

Baba akamwambia. Neno kwa neno. Bibi akaweka kikombe chini, akavaa viatu, akapanda basi la Mkula.

Alimkuta Bibi Justa akipepeta mchele. Akapiga magoti. "Shikamoo, dada. Siku ile nilikuwa na wivu. Wewe ulikuwa umelala, mimi sijalala miaka ishirini."

Bibi Justa aliendelea kupepeta mpaka mchele wa ungoni ukaisha. Kisha akasema: "Marahaba. Ingia ndani. Kitanda kipo."

Walipata miezi minne ya kuongea. Miezi minne tu. Jumanne iliyopita, mchana, Bibi Agnella alifariki usingizini kwenye kitanda hichohicho, dada yake akiwa pembeni.

Pole Baba Viktor. Pole Bibi Justa, ambaye yuko nami hapa studio. Nanyi mnaosikiliza: kabla hujamjibu mwenzako vibaya, jiulize mara ya mwisho ulilala lini. Lindeni mashamba kwa zamu, kama mjukuu alivyolinda kishujaa siku zile saba, ingawa viboko walikula robo ya mpunga. Kiboko, kama mnavyojua, hafukuziki.

Bibi Justa anaomba kipaza sauti.

"Oliva. Kiboko hafiki shamba lile. Sema."

Wasikilizaji wapendwa. Sawa. Walikuwa nguruwe. Nililala. Siku zote saba, dunguni, nililala fofofo. Bibi sikumwambia, na sasa nimechelewa.

"Hujachelewa kumwambia. Alijua. Siku anakuja kwangu alipitia shambani, akakuta nguruwe wameshakula na wewe unakoroma. Akakufunika kanga yake, akaja zake. Alifika kwangu mabega wazi."

Kumbe ile kanga.

Wasikilizaji, niliamka nimefunikwa, nikadhani aliiacha dunguni zamani. Bibi wa misimu ishirini angenishusha kwa fimbo. Yule aliyepumzika alinifunika, akaenda kutafuta dada yake.

Bibi, walikuwa nguruwe. Nisamehe.