Baba Yetu na Hereni za Ng'ombe Kumi na Tisa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, mfugaji, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Josho, na tarehe zote nimezihakiki kwenye karatasi zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mkamua maziwa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akaajiriwa kuogesha mifugo joshoni, na ng'ombe wake wa kwanza, aliyemnunua mwaka 1983, alimpa jina la mwalimu aliyemchapa kuliko wote, ili naye, kama alivyopenda kusema, apate zamu ya kumwamrisha.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na ada zetu zote, hadi yangu ya chuo kikuu, zilitoka zizini.

Mwaka huu, kati ya tarehe 9 na 15 Februari, kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, kilituulia ng'ombe kumi na tisa kati ya ishirini na mmoja, na marehemu aliwafukia bila kuwachuna, kwenye shimo la futi saba, kama daktari wa mifugo alivyoagiza, hereni zao za namba zikiwa bado masikioni.

Tarehe 24 Aprili serikali ilitangaza malipo ya dharura kwa wafugaji, na mimi ndiye niliyemsomea fomu, kipengele cha saba, kinachotaka hereni ya kila mnyama aliyekufa, nikakisoma mara mbili kwa sababu aliuliza mara mbili. Alipopeleka barua ya daktari wa mifugo kuthibitisha vifo hivyo, karani wa malipo alimjibu, "Mzee, mimi sihesabu barua, nahesabu hereni," naye akasema, "Basi njoo na jembe, mwanangu, wako chini wanakusubiri," foleni nzima ikacheka.

Tarehe 6 na 7 Mei, sisi tukidhani anatengeneza uzio, alilifukua shimo peke yake, kwa jembe na bila glavu, akatoa hereni zote, akaziosha, akazipanga kwa namba. Tarehe 10 alitokwa na kidonda cheusi kisichouma mkononi, akatuambia ni upele tu, tarehe 14 alilazwa akiwa na homa kali na mkono umevimba hadi begani, na Jumatano tarehe 17 Mei 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, alifariki dunia. Fomu yake ilipokelewa tarehe 9, ikagongwa muhuri kwamba haina kasoro.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mlioleta maji na viti, na wenzake wa joshoni waliomwaga chokaa na kulifukia shimo upya. Majirani mlio na mashimo kama letu, najua mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa, najua kipengele cha saba kinasema nini, na mimi mwenyewe ndiye niliyekisoma kwa sauti: tafadhali, msichimbe.

Baba, pumzika kwa amani.