Bwana Tarehe na Hatua ya Saba

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada yake mkubwa, yule fundi cherehani. Nimepewa dakika kumi kusoma maisha ya marehemu, na moja imeshakwenda nikitafuta miwani. Kalamu mlizozikuta kwenye viti msiziweke mfukoni. Zina kazi yake, nitawaambia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wetu. Cheti chake kiliandikwa tarehe 19. Baba alisema siku kumi si kitu, mtoto hatapungua. Alipofikisha miaka kumi na miwili marehemu alikwenda mwenyewe ofisi ya usajili, akarudishwa, akaenda tena, akarudishwa tena. Mara ya sita karani alimwambia, "Mtoto wewe, hata kupe ana nafuu!" akamwandikia cheti kipya.

Alianza shule ya msingi Januari 1978. Akiwa darasa la tano alikamatwa akibandua karatasi kwenye ubao wa matangazo, na mwalimu mkuu akamuuliza anaiba nini. Akajibu, "Mkutano wa wazazi ulikwisha wiki tatu zilizopita, mwalimu. Ubao unadanganya watu." Tukajua leo kiboko kitalia. Badala yake mwalimu mkuu alimkabidhi ufunguo wa ubao na kopo la pini, na jina la Bwana Tarehe likamganda tangu siku hiyo. Alimaliza sekondari mwaka 1988, na mwaka 1992 akahitimu chuo cha utunzaji wa kumbukumbu. Matokeo yake yalikuwa ya wastani. Ningeyapamba, lakini angenisikia.

Agosti 1992 aliajiriwa idara ya maji, upande wa majalada, akakaa hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa. Ila kazi aliyoipenda haikuwa na mshahara, nayo aliianza Novemba 1999. Mimi ni mtu wa sindano, nitaieleza kama nilivyoelezwa. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni cherehani isiyo na mkanda, inang'aa tu mezani. Iko mifumo ya kuuzwa, na uko huu wa akina marehemu, ambao watu wa nchi mbalimbali waliushona pamoja wakaugawa bure, na anayetaka kuufumua aone mishono yake ana ruhusa.

Marehemu hakushona. Yeye alitunza kurasa za mradi huo kwenye mtandao: toleo gani jipya limetoka, linawekwaje hatua kwa hatua, nani anashika kazi gani, nani ametutoka. Maana toleo likibadilika na ukurasa ukabaki unasema ya jana, msomaji anatumbukia shimoni na adabu zake zote. Chini ya kila ukurasa aliandika siku aliyoukagua. Ugonjwa huo aliuleta mpaka jikoni. Kopo la sukari lilibandikwa karatasi, "Sukari. Imekaguliwa Jumamosi." Binti yake alimuuliza siku moja, "Baba, na mimi nilikaguliwa lini?" Akamjibu, "Asubuhi, ulipokuwa unatafuta viatu. Bado hujavipata."

Sasa ndoa. Februari 2002, dada mmoja, karani wa masjala ya zahanati, alitaka kuweka mfumo huo kwenye kompyuta ya kazini. Akafungua ukurasa wa marehemu, akafuata hatua moja baada ya nyingine kama mtu anayefuata dawa ya daktari. Hatua ya saba ilimwambia afute diski ya pili. Katika toleo jipya namba za diski zilikuwa zimebadilishana, na ukurasa ulikuwa na siku kumi na moja bila kurekebishwa. Karani akafuta miadi ya wagonjwa wote ya miezi minne. Aliandika barua yenye mstari mmoja: "Wewe uliyeandika hatua ya saba, njoo uwaambie wagonjwa mwenyewe."

Na kweli akaenda, mabasi mawili, na shati nililomshonea mimi. Alikaa wiki tatu kwenye ile masjala, jioni baada ya kazi, akichapa upya miadi hiyo kutoka kwenye kadi. Wiki ya tatu akajikaza akamwomba yule dada uchumba. Akajibiwa, "Kwanza nikague." Tangu hapo hakuna ukurasa uliotoka bila yule karani kuusoma na kuukubali. Mradi mzima ukaiga, ikawa kanuni: kila badiliko lipite kwenye jicho la pili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 2003. Katikati ya sherehe bwana harusi alipotea kwa robo saa, na shangazi yetu akaanza kulia kwamba ametoroka. Alirudi akifuta miwani, akasema alikuwa na kitu kidogo cha kumalizia. Nilimfokea mbele ya wageni, na leo namwomba radhi.

Januari 2023 daktari alimwambia moyo wake umechoka. Alilazwa mara nne. Mara ya pili muuguzi alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kufuata kibao cha maabara, wakafika stoo ya magodoro. Maabara ilikuwa imehamishwa mwaka mzima uliopita. Marehemu alikataa kuchomwa sindano mpaka aletewe karatasi na gundi, na kile kibao mpaka leo ni mwandiko wake. Alituaga Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Karatasi ya ratiba mliyonayo, iliyochapwa jana, ukurasa wa tatu, inasema: "Ukurasa wa mradi bado unamwandika kwamba yuko kazini." Nieleze. Kanuni yake ilikuwa kwamba mwenzao akifariki, jina lihamishiwe kwenye orodha ya waliotutoka ndani ya siku saba. Mstari wake aliuandaa mwenyewe hospitalini: "Alitunza kurasa hizi tangu Novemba 1999. Hakuacha kosa lolote alilolijua." Tarehe ya mwisho akaiacha wazi. Kilichobaki ni jicho la pili kukubali, na jicho la pili ni wifi yangu. Wenzake waliandika kutoka kila pembe, "Tutamngoja mama. Hii ni nafasi yake." Wifi akafunga kompyuta akaniambia, "Nikibonyeza pale, nimemzika kwa kidole changu. Siwezi."

Nilimsihi Ijumaa, nikamsihi Jumapili. Hakutaka hata kuiangalia.

Leo asubuhi, chai haijapoa, nikamwambia, "Wifi, kesho ni siku ya saba. Mtu aliyebandua tangazo akiwa darasa la tano, sisi tumwache adanganye ubaoni?" Akasogeza kikombe pembeni. Kisha akavuta kompyuta. "Basi nitakagua kwanza," akasema. "Hakuacha kosa lolote? Huyu bwana namjua."

Akafukua mpaka kwenye ghala la kurasa za zamani. Akaukuta ule ukurasa wa mwaka 2002, juu yake onyo jekundu, "Usiufuate," na hatua ya saba ikiwa vilevile, neno kwa neno. Chini yake mistari ishirini na miwili, kila mmoja wa tarehe 14 Juni: "Nimeukagua. Kosa bado lipo. Liachwe." Wa kwanza ni wa mwaka 2003, siku ya harusi, ile robo saa. Wa mwisho ni wa mwaka huu, na tarehe hiyo alikuwa kitandani hospitalini na simu mkononi.

Wifi akapiga meza. "Miaka yote! Bila kunipitishia hata mmoja!" Akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, akacheka mpaka ikageuka kilio, nikamshika. Alipotulia alijaza tarehe, akaongeza maneno mawili mwisho wa mstari, akabonyeza. Sasa unasomeka: "Hakuacha kosa lolote alilolijua, isipokuwa moja."

Kwa hiyo chukueni kalamu. Ukurasa wa tatu, futeni "bado unamwandika kwamba yuko kazini." Andikeni juu yake: "Umerekebishwa leo, saa moja na nusu asubuhi, na mke wake." Nanyi wa nyuma huko, andikeni, nawaona.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja, dada yake huyu mwenye kelele, na kurasa mia nne na kumi na mbili, zote zimekaguliwa.

Mungu amlaze pema, mdogo wangu. Na kama huko aliko kuna ubao wa matangazo, apewe ufunguo mapema, maana hawatapumzika wao wala yeye.