Zilipolingana Sauti

Mwaka ule wa 2003, kwenye benchi la Adolphe, fundi wa redio mjini Bunia, walibaki wale tu wasio na pa kukimbilia. Adolphe aliunganisha redio na kaseti kwenye ampli moja ya kukuza sauti, kwa batri ya gari, mtaa usikie majina ya watoto waliookotwa njiani. Yalisomwa redioni mara moja tu, na mtoto asiyefuatwa alipandishwa lori la kwenda Beni siku hiyohiyo. Véronique, aliyepotezana na bintiye wakikimbia vita huko Kilo, alisubiri hapo tangu asubuhi, hadi zamu yake ya kuteka maji ikafika.

— Ukisikia Abigaël uniite, kaka.

— Enda tu, dada. Siye tuko.

Majina yakaanza, lakini redio ilinong'ona. Adolphe akanyoosha mkono kuongeza ampli. Katsuva, mwenzake wa benchini waliyemwita Diplome, akamzuia.

— Hapana kugusa! Juzi uliongeza ampli sababu ya redio, kisha ukaweka kaseti, ikalia sana, basoda bakakuja na bunduki, bakanipiga. Angalia meno yangu!

Ya mbele kweli hayakuwepo.

— Kosa haiko ya ampli, alisema Adolphe kwa kiburi cha fundi. Kaseti inatoa sauti mingi, redio kidogo. Kila moja turekebishe kwake.

Fulgence, aliyeitwa Waziri kwa kujua kila kitu, akaweka kikombe cha kahawa chini.

— Redio iko chini sababu sauti inapanda milima. Inachoka.

— Sauti iko na miguu, Waziri? aliuliza Katsuva.

— Basi musomaji hajakula.

— Weye! Anaogopa. Bunduki iko mulangoni kwake.

— Ngojeni niwaonyeshe, alisema Adolphe.

Akahamia kaseti, redio ikakatika, akapunguza sauti ya kaseti. Akarudi redio, akaiongeza. Kaseti tena. Wenzake wakatega masikio, huyu anasema bado, yule anasema imezidi. Watu wazima, jamani! Mwishowe zikalingana sawasawa, na Adolphe akapiga paja kwa furaha.

Redioni sasa ulikuwa muziki mtupu.

Véronique akaja mbio, bidoni ya maji kichwani, ikimmwagikia miguuni.

— Bamemaliza? Balimutaja?

Katsuva akainama. Fulgence akakohoa. Adolphe aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona.

— Tulikuwa tunalinganisha, dada.

— Nauliza mutoto wangu!

Véronique akaacha bidoni chini.

— Basi lori inapakia wapi leo?

Hilo nalo lilitangazwa redioni wakati walipokuwa wakisikiliza kaseti.