Mzee Mvi, Fundi Aliyelala Kwanza Kwenye Kila Godoro

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliotoka mbali mkafika na vumbi la safari miguuni, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza mzee wetu. Tunamshukuru Mungu aliyetuazima baba huyu kwa miaka mingi. Haya yameandikwa na binti yake kwa kusaidiana na mama, na palipo na utani, ujue ni mama aliyesema tusiuondoe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, akiwa mtoto wa mwisho wa seremala wa milango na mkewe aliyekuwa mkunga. Marehemu bibi alipenda kusimulia kwamba yeye aliyezalisha wanawake wa mtaa mzima, siku yake ilipofika alikosa wa kumzalisha, ikabidi wifi yake ashike kazi, na wifi alikuwa mtu wa kuzimia akiona damu. Basi mtoto akatoka karibu mwenyewe, akalia kidogo kwa adabu, akalala. Wifi akasema, huyu hana haraka na dunia. Hilo lilibaki kuwa kweli mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1952 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1959. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na hesabu alizijua, ila alikuwa na ugonjwa wa kusinzia. Mwalimu wa hesabu alimchapa sana kwa ajili hiyo. Miaka mingi baadaye mwalimu huyo alipostaafu alikuja kufuata godoro aliloagiza, akamkuta mwanafunzi wake wa zamani amelala fofofo, tena juu ya godoro lake. Baba akaruka akasimama wima kama mtoto wa darasa la pili na kumpa shikamoo. Mwalimu akaitikia marahaba, kisha akasema anaona viboko vyake vyote vilikwenda bure.

Kwa nini alikuwa amelala kazini, nieleze. Mwaka 1960 mjomba wake, fundi wa magodoro ya sufi, alimchukua akamfundisha kazi: kuchambua sufi na kutoa mbegu zake, kuipiga kwa fimbo mpaka ifumuke, kuishindilia ndani ya kitambaa na kushona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Mjomba alipofariki, baba alirithi chumba cha kazi, kile cha nyuma ya duka la vyuma, chenye dirisha moja ambalo halikufunguliwa upepo ukivuma, maana sufi ingehama yote kwenda kwa majirani. Hapo ndipo alipojiwekea sharti ambalo hakufundishwa na mtu. Godoro likikamilika, alivua viatu, akanawa miguu, akalilalia yeye kwanza. Akiamka mgongo ukiwa umetulia, godoro linakwenda kwa mwenyewe. Akiamka na kinyongo, analifumua.

Wapo hapa leo wanaokumbuka harusi moja ambapo gari la kubebea vyombo vya bibi harusi lilisimama mlangoni likiunguruma huku baba anafumua godoro upande mmoja, kwa sababu aliamka akiwa ameviringika kuelekea ukutani. Mjomba wa bwana harusi alifoka, "Fundi, watu wanaoa, wewe unacheza na uzi?" Baba hakuinua hata uso. "Hili likiinama hivi," akasema, "mmoja wao atakuwa anaanguka kila siku, na lawama utabeba wewe." Harusi ilichelewa. Ile ndoa ipo mpaka leo, na wenyewe wamekaa mstari wa tatu.

Sufi ilimkaa kichwani tangu ujana, ndiyo maana watu walimwita Mzee Mvi akiwa bado hajaota ndevu vizuri. Mvi zenyewe zilipokuja, hakuna aliyeziona.

Mama alimpata kwa njia hiyo hiyo ya kulala. Alitumwa na babu yetu mzaa mama kuchukua godoro, akamkuta kijana amejilaza juu yake. Alidhani ni mgonjwa, akakaa kwenye gunia kumngoja. Baba alipofumbua macho alimwuliza, "Dada, umekaa sana?" Mama akajibu, "Tangu ulipoanza kukoroma." Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Septemba 1969. Siku ya kupeleka posa, mmoja wa shangazi zake mama alimwona na kichwa chake cheupe, akamvuta mama pembeni na kumwuliza kama yule mzee ndiye baba wa bwana harusi. Mungu aliwajalia watoto watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike.

Nyumbani baba hakuwa mkali. Alisali kabla ya kula hata kama ni chai kavu. Wajukuu walipoanza kuja, chumba cha kazi kiligeuka uwanja wa michezo. Walizama ndani ya rundo la sufi na kutoka weupe kama vifaranga, na mama alikuwa akiwapukuta mmoja mmoja mlangoni kama mikeka. Aliyekuwa na homa aliletwa kwa babu alalie godoro jipya. Mjukuu akilowanisha godoro la mteja, babu alisema ni yeye mwenyewe aliyemwaga maji.

Mama amesema hapa tusiruke kitu, kwa hiyo siruki. Kaka yetu alifanya kazi na baba tangu alipomaliza shule. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa baba mwenyewe, na baba alimkabidhi shazia aliyoachiwa na mjomba wake. Mwaka 1998 kaka alileta godoro la sponji, akaomba wauze yote mawili, la zamani na la kisasa. Baba aliliminya kwa kidole gumba, akasema limekaa kama mkate wa jana. Kaka akaenda kufungua duka lake mtaa wa pili. Hilo lisingewatenganisha. Lililowatenganisha ni kwamba kaka alitangaza kuwa mwenye godoro la sufi alilete, apunguziwe bei ya sponji. Watu wakaleta. Yakajazana nje ya duka, na mvua ikanyesha.

Baba alikuwa anatoka kanisani. Alipita pale, akaona mishono yake. Aliijua yote, la nani ni lipi, na ndani ya rundo lile lililovimba maji lilikuwemo lile alilomshonea mwalimu wake wa hesabu. Alirudi nyumbani akavua koti la kanisani, akakaa. Tangu siku hiyo hakupita tena mtaa ule; akienda posta alizunguka kwa nyuma ya soko.

Miaka ikawa mingi. Kwenye misiba na harusi walisalimiana kama watu waliopanda basi moja. Wakiwa sebule moja, baba alimwambia mjukuu, "Mwambie baba yako chumvi iko karibu naye," na kaka alijibu kupitia mtoto huyo huyo, mpaka mtoto akauliza kama babu na baba hawasikii. Watoto wa kaka hakuwabagua hata siku moja. Alisema ugomvi wake hauna wajukuu. Lakini sisi tuliokaa naye tulijua. Kila alipokohoa mtu mlangoni, aliinua uso kwanza, halafu ndipo akauliza ni nani.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumsumbua, na mapema mwaka jana madaktari walituambia moyo wake umechoka na kwamba tumweke nyumbani, tumpe raha. Akawa mtu wa kitandani. Hapo ndipo tulipogundua kwamba fundi wa magodoro ya mji mzima alikuwa analalia godoro lililokufa, limelala bapa kama chapa ya mwili wake, na mifupa yake ilikuwa inagusa mbao. Fundi mwingine wa sufi hakuwepo tena. Tulimshauri tumletee la sponji, akageukia ukutani.

Mama akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Fundi mmoja bado yupo," alisema, "na unamjua. Ulimfundisha mwenyewe."

Tulisali, tukaenda kulala. Sisi tulichoogopa hakikuwa kifo chenyewe. Mzee alikuwa tayari kwa Mungu wake. Tulichoogopa ni aondoke na lile neno likiwa kifuani, na kaka abaki nalo upande wa pili. Kesho yake asubuhi, mama akimnywesha uji, baba alisema, "Mwiteni. Aje na shazia yake."

Mama akasema huenda hanayo tena, mtu wa sponji.

"Anayo," baba akasema.

Alikuwa nayo. Kaka alifunga duka akaja na gunia la sufi mpya begani, akatandika turubai uani, chini ya dirisha la baba, akafumua lile godoro kuukuu na kuanza kuipiga sufi. Baba alitaka pazia lifunguliwe. Kwa muda ilisikika fimbo tu. Halafu sauti ya baba ikatoka dirishani, ndogo lakini ya bosi.

"Unaipiga au unaibembeleza?"

"Baba, mikono imezoea kukata sponji kwa kisu."

"Kumbe umekuwa mchinjaji."

Mdogo wetu alicheka mpaka akaenda kusimama jikoni kufuta macho. Kaka naye alicheka, kisha fimbo ikasimama. Alikuja dirishani, sufi imemjaa kichwani, amekuwa mweupe kama baba yake enzi za ujana. "Baba," akasema, "yale magodoro. Siku ile ya mvua."

"Niliyaona."

"Nilijua umeyaona. Nilikuwa ndani, nikakuona umesimama. Nilishindwa kutoka."

Baba aligeuza kichwa kumtazama. "Ungetoka," alisema, "ningekupiga." Halafu akasema, "Halafu tungeyaingiza ndani pamoja. Nisamehe na mimi. Nilikuwa nazunguka soko zima, mtu mzima, namkwepa mwanangu." Kaka aliweka uso kwenye nondo za dirisha. Kilichosemwa baada ya hapo ni chao wawili.

Jioni godoro lilikuwa tayari. Kaka alimbeba baba mikononi, maana alikuwa amebaki mwepesi, akamlaza. Baba alifumba macho, akajisogeza, akapeleka mkono taratibu chini ya mbavu.

"Umeacha mbegu," alisema.

Kaka aliinama kwa aibu, akachukua kisu afumue mshono. Baba akamshika kiganja. "Iache. Nikigeuka nikaigusa, nitajua upo."

Mama, aliyekuwa amesimama na shuka mkononi, alisema miaka yote ya ndoa alichambulishwa sufi mara mbili mbili kwa mbegu moja isiyoonekana, na leo mtu anaambiwa aiache. Baba akamwambia, "Wewe mama, hukuwa mwanafunzi wangu." Na mama akasema hewala, basi ndiyo faida ya kuolewa.

Kuanzia hapo kaka alikuja kila siku. Alimnyoa, alimgeuza, walibishana juu ya uzi. Baba alipokea Meza ya Bwana nyumbani, familia yote ikiwepo. Tarehe 14 ya mwezi huu, alasiri, baada ya kuomba maji na kuyanywa, alifariki kwa utulivu, mkono mmoja ukiwa umeshikwa na mama na mwingine na kaka. Alikuwa na umri wa miaka themanini na moja.

Marehemu ameacha mke wake mpenzi, watoto watatu, wakwe, wajukuu tisa, kitukuu mmoja aliyezaliwa majuzi ambaye aliwahi kumpakata, na wateja ambao hatujui idadi yao ila tunajua wanalalia nini. Nilipokuwa naandika sehemu hii, nilimwuliza kaka kazi yake niiandike vipi, maana duka lake linajulikana, na nilikuwa nimeshaandika mfanyabiashara. Alisoma karatasi kwa muda mrefu. Akasema, "Futa. Andika, mwanafunzi wa Mzee Mvi."

Nimefuta, nimeandika.

Mungu wa rehema, uliyempatanisha na mwanawe kabla ya kumwita, mpokee mtumishi wako. Umpe amani isiyokatika, na sisi aliotuacha utufundishe kusameheana mapema. Pumzika, baba. Tutamtunza mama.