Je, Unajisikia Chini?

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa kliniki, wauguzi na washauri nasaha, ndugu wageni waalikwa, na mama yangu uliyekaa nyuma karibu na mlango: shikamooni.

Mniwie radhi nikisoma haraka. Mimi ni mtu wa dawati la mwisho, na nimepewa dakika tatu za kushukuru kwa niaba ya familia za wagonjwa.

Nashukuru, basi, kwa utaratibu wenu wa ngazi. Anayeacha unga wa kulevya huku ana sonona huanzia ngazi ya kwanza, akapewa kijitabu akasome nyumbani. Akizidiwa hupandishwa kwenye kikundi, kisha kwa mshauri ana kwa ana, na mwisho katika wodi hii tunayoifungua leo. Kinachompandisha ni alama za fomu. Fomu ilitoka ng'ambo kwa Kiingereza, ikatafutiwa mwanafunzi anayezimudu lugha zote mbili. Mwanafunzi huyo ni mimi.

Swali la kwanza niliandika: "Je, unajisikia chini?" Nilitafsiri neno kwa neno, nikajiona bingwa. Watu wazima kumi na wawili, wenye shahada ukutani, wakaipitia na kuigonga muhuri. Nani kati yenu amewahi kujisikia chini kwa Kiswahili? Chini ya nini?

Kaka yangu aliulizwa hivyo mara sita. Mara ya kwanza alichungulia dirishani, akajibu, "Siko chini, dokta. Si tuko ghorofa ya pili?" Mshauri alicheka, akaandika sifuri. Nyumbani kaka alikuwa hajaoga wiki nzima, na alikuwa amemwuliza mama, "Nikiondoka, mtachukua muda gani kunisahau?" Mama alikuja hapa kulisema hilo. Akaambiwa, "Mama, tuachie wataalamu. Alama zake nzuri." Akarudi na kijitabu kilekile, nakala ya pili.

Mwezi uliopita kaka alirudia unga, tukamkuta sakafuni bafuni, midomo imebadilika rangi. Alipozinduka hapa kliniki, mlimletea nini? Fomu. Nawapongeza kwa nidhamu hiyo. Ndiyo maana wodi ina vitanda vinane, shuka bado zina mikunjo ya dukani, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefikisha alama za kuvilalia.

Juzi nilimwuliza mama yeye angeulizaje. Akaniangalia kama nimepungukiwa. "Si umwulize tu kama moyo wake mzito?"

Jana nikamwuliza kaka hivyo. Alilia mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Nipelekeni."

Tafsiri mbovu ni yangu, na naona aibu kusimama hapa. Lakini kumtazama mtu usoni hakukuhitaji mkalimani. Kaka ni yule mwenye sweta la kijani, pembeni ya mama. Leo amekubali kulazwa; kesho sijui. Mheshimiwa, ukishakata utepe, naomba usiingie wewe kwanza.

Asanteni kwa kunivumilia. Sasa mtupishe njia, tupite.