Dirisha Lililofunguliwa kwa Siku Moja Zaidi

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jopo la Kugawa Sampuli za Asteroidi, karibu. Karibu katika Idara ya Sayansi ya Sayari, na utuwie radhi kwa ngazi zile, maana lifti yetu imepumzika tangu mwaka juzi. Umekuja kumkabidhi mwenzetu punje mbili za vumbi ambalo chombo cha angani kililichota kwenye jiwe linalozunguka jua, punje ndogo kuliko chembe ya mtama. Tulifagia maabara mara tatu kwa ajili yako. Mara ya nne Fundi wetu wa maabara akatuuliza kama tunaliondoa vumbi au tunalizungusha, tukaweka mifagio chini.

Wewe ulipokea barua ya ukurasa mmoja na nusu kutoka kwa mwanamke tunayemwita Mama Tarehe. Barua ile ilieleza kosa tu, mwandishi wake hakujieleza hata kidogo. Leo tunaomba tukueleze habari zake. Mwenyewe ametupa ruhusa, ingawa kwa shingo upande.

HISTORIA FUPI

Mama Tarehe si mtafiti. Aliajiriwa kuwa mpiga chapa wa idara, akapewa chumba namba nane, kilicho mwisho wa ujia, kati ya stoo na choo cha wanaume. Miaka kumi na moja iliyopita alichoka kuona matangazo yakifika mezani kwa wakubwa na kuzeekea pale. Nafasi za masomo, mikutano ya wanasayansi, miito ya kuandika makala, vyote vilikuwa vikijulikana siku mbili baada ya kufungwa. Akaanza kuyaandika kwenye karatasi moja na kuibandika mlangoni pake. Karatasi ikawa barua pepe. Barua pepe ikapewa jina, Barua ya Sayari, ikawa inatoka kila Jumatatu. Hadi mwaka huu ilikuwa na wasomaji mia sita na arobaini katika miji ambayo wengi wetu hatujaikanyaga.

Jina la Mama Tarehe alilipata kwa sababu hakumwacha mtu apumzike. Ukikutana naye kwenye ujia hakusalimii kabla hajakwambia zimebaki siku ngapi. Na kwa kuwa matangazo mengi huja na saa za kimataifa, yeye huzigeuza na kuziandika kwa maneno, kwa saa zetu tunazozisema nyumbani, ili mtu asijikwae.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, ukiuliza ukumbi huu nani amewahi kupata kitu kupitia Barua ya Sayari, mikono itakayobaki chini ni ya wapambaji na mpiga picha. Yuko aliyekwenda kusomea volkeno za Zuhura. Yuko aliyepewa siku nne za kutumia darubini kubwa ya watu wengine. Hata mambo madogo yalipata nafasi: safari moja, chini ya habari za mwezi mmoja wa Mshtarii, Mama Tarehe alitangaza mwavuli uliopotea. Mwavuli ulirudi keshoye. Takwimu za mwezi ule wa Mshtarii tunazisubiri mpaka leo.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo pa kusimulia.

Jopo lako lilipotangaza nafasi saba za kuchunguza punje za asteroidi, tangazo lilisema dirisha la maombi litafungwa tarehe kumi na mbili, 06:00 kwa saa za huku kwetu. Ni saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu ile Mama Tarehe alifika kazini akitokea hospitali, ambako alikuwa amekesha siku mbili kando ya mama yake aliyevunjika nyonga. Akaketi, akaona ile sita, na mkono wake ukaandika: saa sita mchana. Barua ikaenda kwa watu mia sita na arobaini.

Habari za mama yake hazimo katika barua aliyokuandikia. Tulipomuuliza kwa nini, alisema mama yake hakuandika tangazo.

Na tukiri la kwetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua tangazo lenyewe kuhakiki. Kwa miaka kumi na moja tulizoea kutafuniwa, tukabaki kumeza.

Siku ya kufunga ilikuwa Alhamisi. Watafiti, kama ujuavyo, hutuma maombi siku ya mwisho, hata wenye miezi mitatu ya kujiandaa. Mmoja wao ni binti wa idara yetu anayesomea mawe yaangukayo kutoka angani, tunayemwita Kimondo. Alikunywa chai yake, akasoma kurasa zake mara ya mwisho, na saa tatu na robo akaingia mtandaoni kwenye dirisha la maombi. Lilikuwa limefungwa. Akadhani ni mtandao. Akajaribu tena. Akamwita Fundi akague waya. Fundi akasema waya hauna neno. Ndipo Kimondo akaenda chumba namba nane, akijikaza asikimbie.

Mama Tarehe alifungua tangazo la asili, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akakisogeza neno kwa neno. Alipofika kwenye saa alisimama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akasoma tena.

“Ni mimi,” alisema.

Fundi, ambaye alikuwa amemfuata Kimondo, akafunga mlango. Ni mtu mwema, na alichosema alikisema kwa kumwonea huruma. Alimshauri abadilishe nakala iliyo kwenye tovuti, aweke saa sahihi, na atakayeuliza aambiwe mtandao wake ulikuwa mzito. Habari zilipofika kwetu, Mgeni rasmi, wengi wetu tuliona Fundi amesema kweli. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia Mama Tarehe, ila wa kutamani tulikuwa nao.

Mama Tarehe hakugombana naye. Aliuliza tu: “Na waliofungiwa nje, niwaache waamini walichelewa wenyewe?”

Fundi akafungua mlango.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye hakutaka kungoja hicho kifo. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametuma Barua ya Sayari ya dharura, yenye kichwa cha maneno matatu: Kosa ni langu. Aliwaomba wote waliokuta dirisha limefungwa wamwandikie kabla ya jioni. Walijibu watu kumi na wanne. Mmoja alimtukana vizuri sana, kwa sarufi safi. Mama Tarehe akaliweka hata jibu lile katika jalada moja na mengine. Kisha akakuandikia wewe. Hakujiombea lolote. Aliambatisha Barua ya Jumatatu kama ilivyotoka, na majina kumi na manne, akaomba saa aliyoikosea yeye isiwe adhabu yao.

Mkuu wetu wa Kitivo, aliye nasi hapa mbele, alifanya kile ambacho kiti chake kilimtaka afanye. Barua ya Sayari ilisimamishwa. Chumba namba nane kikafungwa kwa kufuli. Mama Tarehe akapelekwa stoo, kupanga miguu ya darubini na makoti ya maabara. Hatusemi zaidi ya hapo, ila tunasema kwamba Jumatatu iliyofuata tulifungua barua pepe zetu asubuhi na hapakuwa na kitu, na kila mmoja alidhani ni kwake tu.

Siku nane hazikuwa na jibu. Asubuhi alikuwa stoo, mchana hospitali, na katikati ya hapo alikuwa akiitazama simu. Kimondo alimpitia kila siku. Mwanzoni alikwenda akiwa na hasira, ametuomba tuliseme hili wazi. Siku ya tatu alimkuta amepiga magoti, anatafuta skrubu moja iliyodondoka kwenye mguu wa darubini ya wanafunzi, akapiga magoti naye. Hasira ilibaki hapo sakafuni pamoja na ile skrubu, ambayo nayo haijaonekana.

Siku ya tisa, Ijumaa, simu iliita. Namba ilikuwa ngeni na Mama Tarehe akaogopa, akadhani ni hospitali. Ulikuwa ni wewe. Ulimuuliza kama naye alikuwa miongoni mwa walioomba nafasi.

“Hapana, Mheshimiwa,” alikujibu. “Mimi huwa natangaza tu.”

Swali lako lile yeye alilihesabu kuwa ni mwisho wa kazi yake. Kisha ukasema, “Basi tangaza. Jumatatu dirisha litafunguliwa tena kwa siku moja, kwa kila mtu, wa kwenu na wa kwingine.”

Hukumwona, kwa hiyo tukuambie. Aliketi juu ya sanduku la makoti. Hakulia. Alikuomba urudie saa ya kufungua na ya kufunga, ukarudia, akakuomba tena, ukarudia tena bila kukereka, naye akaziandika kwa maneno nyuma ya mkono wake kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Halafu akapumua, na mtunza stoo anaapa kwamba alidhani dirisha limefunguka, jinsi ile pumzi ilivyokuwa ndefu.

Barua ya Sayari ilikuwa imesimamishwa, basi aliwapigia watu kumi na wanne mmoja mmoja. Yule wa matusi alipigiwa wa kwanza. Kumi na watatu walipatikana. Wa kumi na nne, mwalimu wa shule ya sekondari anayechunguza mawe baada ya vipindi, simu yake ilikuwa imezimwa. Jumamosi asubuhi Fundi aliwasha pikipiki yake bila kuagizwa na mtu. Alirudi alasiri akiwa mwekundu kwa vumbi la barabara, akasema amempata mwalimu shambani kwa dada yake, simu ikiwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, na kwamba ujumbe ameupata na ameusema kwa sauti mara mbili.

Jumatatu wote kumi na wanne waliingiza maombi yao. Wawili kati yao wakapata nafasi. Mmoja ni yule mwalimu. Ndiye utakayemkabidhi punje leo. Amekaa pale, amevaa koti la kuazima kwa hiyo usimhukumu kwa mikono mirefu ya koti hilo.

Kimondo hakupata. Jopo lako lilimwandikia kurasa mbili za sababu, likamwonyesha hesabu yake ilipolegea. Tulimwendea kumpa pole, tukakuta anacheka. Alituambia kukataliwa na mtu aliyekusoma ni jambo la kuvumilika, kwamba kilichokuwa kinamnyima usingizi ni kukataliwa na mlango. Kurasa zile amezibandika juu ya meza yake, na hesabu ameshaanza kuikaza. Ndiye anayekusomea risala hii.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuna maombi mengi.

La kwanza, matangazo ya jopo lako yataje, pamoja na namba ya saa, kama ni asubuhi, mchana au usiku. Ni neno moja tu, na lingetosha.

La pili, darubini ya kutazamia vitu vidogo tunayo moja, nayo hutumiwa kwa zamu na wenzetu wanaochunguza udongo. Mwalimu amepangiwa Jumanne na Ijumaa. Punje zako zitavumilia, zimeshavumilia miaka mingi kuliko sisi sote, lakini mwalimu ana vipindi. Tukisaidiwa ya pili tutashukuru.

La tatu, Barua ya Sayari ipate msomaji wa pili, wa kuipitia kabla haijatoka. Tumekaa, tumeona kumwamini mtu mmoja kwa kila kitu lilikuwa jina zuri la uvivu wetu. Watano kati yetu tumejiandikisha kwa zamu. Tunachoomba ni baraka ya wakubwa.

La nne tumelikata. Nakala tutakayokukabidhi ina aya nzima iliyopigwa mstari mwekundu, na tunaomba usiisome, kwa kuwa tuliiandika juzi na maneno yake ni makali kidogo. Leo asubuhi, sisi tukipanga viti, Mkuu wa Kitivo alishuka mwenyewe mpaka stoo. Si mtu wa maneno mengi. Alimpa Mama Tarehe ufunguo wa chumba namba nane, akamwambia kuna vumbi kule, atafute kitambaa. Akageuka aondoke, kisha akarudi na kumuuliza mama anaendeleaje. Mama Tarehe akamjibu kwamba jana amesimama kwa mara ya kwanza, akishika kitanda. Mkuu akasema hilo ni jema, na asubuhi za hospitali asikimbilie kazini.

Mkuu, tulikuwa nyuma ya mlango, tulisikia. Ahsante.

HITIMISHO

Mama Tarehe tulimwekea kiti safu ya mbele, akasema hapo ni pa watafiti, akaenda kukaa kule nyuma karibu na mlango. Mwenye gauni la buluu, anayetazama chini sasa hivi. Mgeni rasmi, ikikupendeza, ukimaliza kukabidhi punje, tunaomba utembee hatua hizo ishirini umpe mkono. Sauti yako anaijua. Uso wako bado.

Mola akujalie afya, akupe macho ya kusoma maombi yetu na subira ya kusoma na ya wenzetu, akurudishe kwa watu wako salama kama alivyokuleta. Na vyombo vilivyoko huko juu, vilivyotumwa na vinavyorudi, vifike.

Ni sisi,
Watafiti, mafundi na wafanyakazi wa Idara ya Sayansi ya Sayari,
pamoja na wasomaji wa Barua ya Sayari, walio hapa na walio mbali.